Kimio Kilichokatwa Bure

Dada yangu alipiga simu asubuhi, nikiwa kibandani kwangu Mwembesongo, mjini Morogoro, nimefungua redio ya mteja. Yeye anaishi Matombo, nyumbani kwa mama yetu, pamoja na binti yake wa miaka saba. Alinisalimia haraka, kisha akasema:

"Kaka, kikohozi cha mtoto kimezidi. Tumeongea na mzee wa kimio, amesema Jumamosi. Tunasubiri neno lako tu."

Niliweka bisibisi mezani.

Kimio ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Kwetu, mtoto akikohoa wiki baada ya wiki, watu husema kimio chake kimerefuka, kinamtekenya koo, na dawa ni kukikata. Na kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye kauli juu yake katika mambo kama hayo ni kaka wa mama, na dada yangu hana kaka mwingine. Nikisema ndiyo, mzee atanoa wembe. Nikisema hapana, hatathubutu.

"Akikohoa, kifua kinapiga filimbi?" nilimwuliza.

"Kinalia kama kuna kifaranga ndani. Alfajiri ndiyo zaidi."

"Na akikimbia?"

"Hakimbii siku hizi. Wenzake wakiruka kamba, yeye anakaa juu ya jiwe anawahesabia."

"Asiguswe. Nakuja mwenyewe."

"Mama ameshatenga jogoo wa mzee, kaka. Utamwambia nini?"

"Jogoo aendelee kuwika. Neno langu mtalisikia nikifika."

Baada ya simu ile sikuweza kuendelea na redio. Hasira ilinijaa, na hasira yenyewe haikuwa ya siku ile. Nilikuwa nayo tangu nikiwa na umri wa mtoto yule.

Mimi nilikatwa kimio nikiwa na miaka sita. Ilikuwa asubuhi, uani, nyuma ya jiko. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa ametoa neno lake siku iliyotangulia, na ni yeye aliyenibana kichwa katikati ya magoti yake. Mzee wa kimio wa wakati ule aliketi mbele yangu juu ya kigoda, akazungumza nami kwa upole kama ninavyoongea leo na mteja.

"Mjukuu wangu, umeona mgomba unavyoning'iniza ua lake? Ua likizidi urefu, tunalikata ili ndizi zinenepe. Na wewe humo ndani kuna kitu kimezidi urefu. Tukikipunguza, utapumua."

Nilimwamini. Akakandamiza ulimi wangu kwa kijiti, akaingiza waya uliopindwa wenye makali. Maumivu siyakumbuki sana. Nakumbuka ladha ya damu na unga mchungu wa mizizi, na sauti ya mjomba juu ya kichwa changu ikisema, "Mwanaume halii." Sikulia. Koo lilikuwa limejaa, hata kulia kusingewezekana.

Kikohozi kilitulia kama wiki mbili. Mzee alisifiwa kijiji kizima. Leo najua kwamba pumu hupanda na kushuka yenyewe, na ukimfanyia mgonjwa jambo lolote siku aliyozidiwa kabisa, huenda siku chache baadaye akapata nafuu hata kama hukumsaidia chochote. Lakini wakati ule sifa zilikwenda kwa waya ule. Kikohozi kiliporudi, maelezo yalikuwa tayari: "Kimio kimeota tena."

Nilipozidiwa sana, mama alinibeba mgongoni hadi zahanati. Nilichomwa sindano, nikapumua, tukaambiwa twende nyumbani. Tulifanya hivyo mara nyingi hata mama akawa anaijua kila mizizi ya njia ile. Jina la ugonjwa hakuambiwa mpaka nilipofika darasa la tatu, na siku hiyo aliambiwa jina na sentensi moja: "Ana pumu, asikae kwenye vumbi." Tulitoka pale tukarudi nyumbani kwa barabara ya vumbi tupu.

Shuleni, kila asubuhi tulifagia uwanja kwa fagio za chelewa, wanafunzi wote kwa pamoja, vumbi likasimama kama ukuta. Niliomba nipewe zamu ya kuchota maji. Mwalimu wa zamu alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe mtegeaji. Mbona jana ulicheza mpira?"

Swali hilo limenifuata maisha yangu yote kwa sauti za watu mbalimbali. Mbona jana ulikuwa mzima? Sikuwa na jibu kwa sababu hakuna aliyenipa. Nilifagia. Katikati ya uwanja nilikaa chini, mabega yakipanda na kushuka, na mwalimu akawaita wenzangu waje kumwona mwigizaji. Amekwisha kufariki, na nilikwenda kumzika, lakini neno lile sijamsamehe.

Nyumbani hawakunidhihaki. Nyumbani walinihurumia, na huruma yao ndiyo iliyoniumiza zaidi, ingawa ilinichukua miaka mingi kulijua hilo. Bibi, mama yake mama, alikuwa na msufi nyuma ya nyumba. Kila mjukuu alishonewa mto wake wa sufi. Foronya ilifuliwa na kubadilishwa, lakini sufi ya ndani ilibaki ileile miaka nenda rudi. Mtu akibanwa kifua, alikalishwa kitandani ameegemezwa mito. Nilibanwa, wakaniletea mto wa pili. Nikabanwa zaidi, wakaniletea wa tatu, wakaipigapiga vizuri ili inenepe kabla ya kuniegemeza.

Nilipomaliza darasa la saba nililetwa mjini Morogoro kujifunza ufundi wa redio kwa ndugu mmoja. Nilikuja na nguo mbili na mto wa bibi. Darasani sikurudi tena. Kilichobaki nimejifunza mwenyewe, na nimejifunza kwa namna fundi redio anavyofanya kazi: redio ikikoroma hubadilishi vitu vyote kwa mpigo, kwa maana hata ikinyamaza hutajua kosa lilikuwa wapi. Unaondoa kimoja, unasikiliza, unaandika. Kisha kingine.

Ningetumia akili hiyo kwa kifua changu mapema, ningeokoa miaka mingi. Sikuitumia. Nilikuwa na vidonge kutoka duka la dawa, na baadaye pampu ya bluu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Ilinifungua kifua kwa dakika chache, nami niliificha mfukoni kama mwizi anavyoficha kitu. Watu walisema ukianza pampu ndiyo basi, hutaacha mpaka kaburini. Fundi jirani yangu alikuwa akiniona nimegeukia ukutani, ananiuliza kwa sauti ya kusikiwa na wateja:

"Fundi, leo tairi lina upepo?"

"Lina."

"Usisahau na la akiba!"

Nilicheka nao. Ukikataa kucheka, unaulizwa tena.

Mjomba wangu alifariki nikiwa na miaka arobaini na minne. Wanaume tulilala nje kwenye mikeka siku zote za matanga, mikono ndiyo mito. Siku ya tatu asubuhi niligundua kwamba pampu haijatoka mfukoni tangu nifike. Nilikuwa napumua hadi chini kabisa ya kifua. Nilimzika mtu aliyenilea huku nikijisikia mzima kuliko siku yoyote, na niliona haya. Niliporudi mjini, usiku wa kwanza tu juu ya kitanda changu, kifua kilifunga kama mlango.

Hapo ndipo niliponunua daftari. Niliandika siku, nilipolala, nilichokula, nilichofanya, nilivuta pampu mara ngapi. Nikakumbuka misiba mingine, nikaiandika nayo. Kila msiba nilikuwa mzima. Nilipomweleza jirani yangu, alishika kiuno akacheka mpaka machozi.

"Kumbe dawa yako msiba! Sasa mwezi huu tukuulie nani?"

Niliendelea. Niliondoa paka, nikangoja wiki tatu. Hakuna mabadiliko, paka akarudi. Nilibadilisha godoro, nikangoja wiki tatu. Nafuu kidogo. Kisha nikaondoa mto wa bibi, na kabla ya wiki tatu kwisha niliamka asubuhi nikiwa sijashtuka usiku kwa kukosa pumzi hata mara moja.

Nilitaka kujua kwa nini. Kwa muuza vitabu vya mitumba nilipata kitabu kilichochakaa cha kufundishia wauguzi, nikakisoma taratibu, kurasa mbili kwa siku, kwa msaada wa kamusi ya Kiingereza. Humo nilikuta kwamba ndani ya mito na magodoro ya zamani wamo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na kinyesi chao huwa vumbi. Mtu mwenye mzio, mwili wake huliona vumbi hilo kama adui, na njia za hewa kifuani huvimba na kubana. Nikakuta pia kwamba uvimbe huo haumaliziki mtu anapoacha kukohoa. Upo, kimya, unangoja. Ndiyo maana kuna dawa mbili za kuvuta. Moja hulegeza kifua kilichobanwa, nayo ni ile ya bluu niliyokuwa naificha. Nyingine hupunguza uvimbe wenyewe, na huvutwa kila siku, hata siku ambayo mtu ni mzima. Hiyo ya pili sikuwahi kuiona wala kuisikia.

Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Swali la mwalimu lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mistari mitatu: jana nilicheza mpira, na jana ugonjwa ulikuwepo. Nani alikuwa na kazi ya kumwambia mama yangu mistari hiyo mitatu, na kwa nini hakumwambia?

Nilikwenda hospitali mjini na daftari langu. Daktari wa zamu alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanangu. Alilifunua polepole.

"Baba, nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Redio."

Alinipima, akaniandikia pampu ya kahawia, akanionyesha namna ya kuivuta na kusukutua mdomo baadaye. Nikamwuliza nilichokwenda kuuliza.

"Nimetibiwa pumu toka mtoto. Mbona sikuambiwa?"

Hakukasirika. Alitazama mlangoni, ambako watu walikuwa wamejaa benchi hadi ukutani.

"Mgonjwa akishapumua, baba, tunaita mwingine."

Lilikuwa jibu la kweli, na lilinikasirisha kuliko uongo. Nimelifikiria miaka yote. Mzee wa kimio alikosea, lakini aliketi chini akamweleza mtoto wa miaka sita kwa nini anafanya anachofanya. Waliokuwa na ukweli hawakuketi. Halafu tunashangaa watu wanapomfuata mwenye maelezo! Mama yangu hakuwa mjinga. Alichagua maelezo pekee aliyopewa.

Na mimi? Mto niliouthibitisha kwa daftari kuwa ni adui sikuutupa. Bibi alikuwa amefariki, na kitu alichokushonea marehemu kwa mkono wake hukitupi jalalani. Nilifua foronya yake yenye ndege wa bluu, nikaupeleka Matombo, nikamkabidhi mama autunze. Nilijiona mjukuu mwema.

Ijumaa nilipanda pikipiki kwenda Matombo, nimefunga kitambaa puani, nikafika nguo zimegeuka rangi ya barabara. Mtoto alikuwa ndani, ameegemezwa mito mitatu. Wa juu, uliogusa shavu lake, ulikuwa na foronya yenye ndege wawili wa bluu waliodariziwa na bibi.

"Shikamoo mjomba," alisema kwa vipande, akichukua pumzi katikati ya neno.

Niliitikia huku nikiutazama ule mto. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumgawia kila mtu, na hapo nikajua kwamba fungu moja ni langu.

Nilimtoa nje, nikamketisha barazani. Mama alikuja akifuta mikono kwenye kanga, na baada yake mzee wa kimio, aliyeletwa mapema makusudi ili tuelewane. Huyu alikuwa mpwa wa yule aliyenikata. Niliwasalimu wote wawili, kisha nikasema kwamba mtoto hakatwi.

Mama aliketi.

"Wewe ulikatwa, ukapona."

"Nilipona, mama?"

"Si uko hai? Si umepanda pikipiki toka mjini?"

Nilitoa pampu zangu mbili mfukoni, ya bluu na ya kahawia, nikaziweka mkekani mbele yao. Hakuna aliyekuwa akijua. Nilikuwa nimemficha mama yangu mwenyewe, mimi mtu mzima mwenye mvi. Dada yangu alizitazama, akanitazama.

"Kaka, unavuta hizo? Zile za kuzoea?"

"Kila siku."

Mzee akakohoa kidogo kusafisha sauti. "Huwa inatokea," alisema. "Kimio kikikatwa juujuu, kinaota. Chako kitakuwa kimeota."

"Naomba unitazame, mzee."

Niliwasha tochi ya simu, nikampa. Nikapiga magoti mbele ya kigoda chake, kama nilivyokuwa zamani, ila safari hii hakuna aliyenishika kichwa. Nikafungua mdomo. Alitazama kwa muda mrefu, akainamisha tochi huku na huku. Nilimsikia mama akipumua nyuma yangu.

"Hakijaota," alisema mwishowe. "Kuna kishina tu. Aliyekukata alikuwa fundi kweli."

"Na pumu ninayo. Miaka yote."

Alinirudishia simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, na nilikuwa na maneno makali tayari. Hakubisha. Alijifuta magoti, akasimama.

"Basi mtoto huyu si wangu."

Mama akasema, karibu kwa kulia, "Na jogoo, je?"

"Jogoo nitamla tu, mama yangu. Kutembea nimetembea."

Dada yangu aliangua kicheko, mtoto naye akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi. Wote tukasikiliza kile kifaranga kifuani mwake. Mama ndiye aliyesema.

"Umekataa. Haya. Hapana yako haimponyi mtu. Ndiyo yako iko wapi?"

Ndiyo yangu niliitoa Jumatatu, nilipompeleka mtoto na mama yake hospitali ileile ya mjini. Dawa zangu sikumpa, kwa sababu kipimo cha mtu mzima si cha mtoto. Alipimwa, akaandikiwa zake mbili. Kwa kuwa mtoto hawezi kupatanisha kubonyeza na kuvuta, tulionyeshwa namna ya kutumia chupa tupu ya maji: tundu moja kitakoni linalobana mdomo wa pampu, na yeye anavuta polepole upande wa pili. Safari hii sikukubali kuinuka kwenye kiti mpaka dada yangu alipoelezwa kwa nini ziko mbili. Benchi la nje lilinung'unika. Niliwaacha wanung'unike.

Kuhusu mto, mama alikataa usichomwe. "Ni mikono ya mama yangu ile." Tulikubaliana hivi: niliifumua mito yote mitatu mwenyewe, nimefunga pua, sufi tukaifukia shimoni chini ya migomba. Foronya ya ndege ilichemshwa, mama akaiweka sandukuni.

Miezi miwili baadaye nikapiga simu kuuliza hali.

"Amepona!" dada yangu alisema kwa furaha. "Anaruka kamba hadi giza. Ile ya kahawia tumeipumzisha kabatini, isiishe bure. Tutaitoa akiugua."

Nilipaza sauti kibandani hadi jirani yangu akachungulia. Nilimwambia dada yangu maneno ambayo kaka hapaswi kumwambia dada yake, na yeye akanijibu vilevile, kwamba mimi niko mjini na ni nani amesikia wapi mtu mwenye afya akitumia dawa. Nilijua anakosea. Nilijua pia kwamba alikuwa akiuliza kwa namna yake swali la mwalimu. Nikamwomba anipe mtoto.

"Mjomba, sikohoi," mtoto alisema. "Nimeshinda wote kamba."

"Vizuri sana. Unakumbuka yule daktari alisema nini kuhusu kikohozi chako?"

Nyuma yake nilisikia kuku, na mama akiuliza ni nani huyo anayepiga kelele kwenye simu.

"Kimelala," alisema. "Hakijaondoka, kimelala. Ile ya kahawia inakilaza."

Nikamwambia amwambie mama yake hivyo hivyo, kwa maneno yaleyale, na asikate simu. Alimwambia. Kabati likafunguliwa. Nilimsikia akitikisa pampu, kisha chupa ya plastiki ikalia, kisha pumzi yake ndefu ikaingia bila filimbi yoyote. Nikabaki na simu sikioni mpaka aliposukutua na kutema maji uani.